Kigoma jua hufika utosini saa saba: kutembea kando ya ziwa ukiwa na nguo chache

Tuanze na saa. Saa ya Tanzania imepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari ambao hata Dar es Salaam haiufikii. Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, iko karibu na nyuzi 29.6. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo jua la Kigoma liko nyuma ya saa ya ukutani kwa takriban saa nzima. Mapema Novemba linafika utosini kama saa 6:45 mchana, na katikati ya Februari ni kama saa 7:15. Wiki ya kwanza ya Oktoba, na tena kuelekea tarehe 8 Machi, ipo siku ambayo fimbo iliyosimamishwa wima haina kivuli kabisa.

Hili si jambo la darasani. Ushauri ulioandikwa kwenye vichupa vya losheni unasema jifiche jua kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni. Ukiubeba ulivyo ukaja nao Kibirizi, kaskazini tu mwa mji, utatoka kivulini saa 10 ukidhani jua limepoa, kumbe kwa jua la hapa ndiyo kwanza saa 9. Saa za kujificha Kigoma ni saa 5 hadi saa 11. Na si jua peke yake lenye ratiba. Konokono wa kichocho wana saa zao, mamba ana zake, mbu ana zake, upepo wa ziwa na mtumbwi wa abiria vilevile. Anayetembea mwambao huu akiwa amefunika ngozi vizuri anaweza kukosea saa na bado akarudi salama. Mwenye ngozi wazi hana nafasi ya kukosea.

Wapo wanaotembea wakiwa na ngozi wazi yote. Ulaya ni mchezo unaojulikana. Ujerumani, kwenye milima ya Harz, kuna njia ya kilomita 18 iliyofunguliwa mwaka 2010 kwa ajili ya watu wanaotembea uchi, na Uingereza kuwa uchi peke yake si kosa mpaka ionekane mtu alikusudia kumtisha au kumfadhaisha mwenzake. Huko kwao nako hawakubaliani wote: jimbo la Appenzell Innerrhoden nchini Uswisi lilipiga marufuku mwaka 2009, baada ya wageni wasio na nguo kuwa wengi milimani kwao. Baadhi ya wageni hao hufika Kigoma, na mwongoza watalii huulizwa, tena kwa upole kabisa, kama upo ufukwe wa kutembea hivyo.

Jibu ni hapana, na ni vizuri kulitoa mapema kabla mtu hajafungua begi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaadhibu kitendo cha aibu mahali pa wazi. Picha ya mtu aliye uchi ikirushwa kwenye simu inaingia kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na siku hizi kila mtumbwi una simu. Lakini hata bila sheria, ufukwe mtupu unaofikiriwa na mgeni haupo. Kila kighuba kidogo kati ya Katonga, karibu na mji, na Kagunga, mpakani na Burundi, kina mtu wake: huyu anaanika dagaa, yule anashona nyavu, mama anasuuza vyombo, watoto wanachota maji. Panapoonekana pamelala saa 3 asubuhi, wavuvi wamelala pia kwa sababu usiku kucha walikuwa ziwani na karabai. Wataamka.

Kuna jambo lingine ambalo mgeni hulisoma vibaya. Ataona wanaume wanaoga uchi ziwani pembeni ya kijiji, aseme, mbona hawa wanaruhusiwa? Pale ni bafuni kwao. Upande mmoja wanaume, upande mwingine wanawake, kila mtu anajua mpaka uko wapi na hakuna anayekodoa macho. Anayepita njia anapaswa kujua kupiga hodi. Ukisikia maji na sauti nyuma ya jabali, simama, kohoa au sema hodi kwa sauti, subiri uitikiwe, kisha pita kwa juu, nyuma ya majabali, bila kukata pembezoni mwa maji. Ukikutana na wazee, shikamoo. Asubuhi ukisema "mwakeye" kwa Waha, wenyeji wa hapa, utafunguliwa njia na utaelekezwa hata pale usipouliza.

Kwa hiyo tunazungumzia nguo chache: bukta, singlendi, msuli, kanga kifuani ndani ya kighuba, miguu mitupu mchangani. Hapo ndipo elimu ya watembea uchi inapotufaa, maana wao wamejua kazi ya kila nguo baada ya kuivua.

Kanga kwanza. Watembea uchi wana mwiko mmoja wasioufanyia mzaha: hukai popote bila kutandika taulo lako. Kwetu taulo hilo ni kanga. Taulo la pamba likilowa ni mzigo, na jioni bado ni bichi. Kanga ukiikamua na kuitandaza juu ya jabali, nusu saa imekauka. Beba doti nzima, vipande viwili. Kipande cha kwanza ni cha kukalia na kujifutia. Cha pili hakiingii ndani ya begi: kinakaa begani au kimefungwa kwenye mkanda wa begi kwa fundo la kuvuta mara moja. Kipimo ni rahisi. Kuanzia unaposikia sauti ya mtu hadi uwe umejisitiri kuanzia kifuani hadi chini ya magoti, zisipite sekunde tano. Ukihitaji kutua begi na kufungua zipu, umeshachelewa. Mwanaume afanye vivyo hivyo na msuli.

Kipande kile cha kwanza kinazuia pia jambo ambalo wengi hawalifikirii mpaka limewapata, nalo ni mikanda ya begi. Begi la kilo sita kwenye bega tupu lenye jasho na chembe za mchanga linachubua ngozi ndani ya saa moja, na mchubuko huo ukipigwa na maji ya ziwa unakuwa kidonda. Kunja kanga mara nne uiweke chini ya mikanda. Mapajani paka mafuta ya mgando kabla ya kuanza; ukisubiri pawashe kwanza, mchanga utakuwa umeshaingia na mafuta yatafanya kazi ya kuusaga. Mkono ukivunjika, kanga iliyokunjwa pembetatu ndiyo ya kuufungia shingoni. Rangi: epuka bluu nzito na nyeusi. Sababu inakuja chini, kwa mbung'o.

Sasa losheni ya jua, na hapa watu wengi hujidanganya kwa vipimo. Namba iliyoandikwa kwenye kichupa imepatikana kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba ya ngozi. Kwa mtu mzima, mwili wote, hiyo ni takriban mililita 35, yaani vijiko saba vya chai: kimoja uso na shingo, kimoja kila mkono, kimoja kila mguu, kimoja kifua na tumbo, kimoja mgongo. Inarudiwa kila saa mbili na kila ukitoka majini. Mtu aliye uchi saa sita juani anamaliza kichupa cha mililita 100 na bado hakimtoshi. Mtu mwenye shati la mikono mirefu na bukta anatumia vijiko vitatu. Huo ndio utetezi wa shati, na ni wa kihesabu tu. Anayepaka kwa kidole kama manukato, hata kichupa kikiandikwa 50, amejikinga kwa sehemu ndogo ya hiyo 50.

Weusi una kinga yake, ndiyo, lakini si ya siku nzima kando ya maji. Ziwa liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, na mionzi huongezeka takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mchanga mkavu unarudisha kama asilimia 15 ya mionzi, povu la mawimbi robo nzima. Ndiyo maana mtu aliyevaa kofia pana anaungua chini ya kidevu na chini ya pua. Sehemu zinazoungua kwanza ni zile ambazo hazijawahi kuliona jua: mgongo wa chini, matiti, nyuma ya magoti, juu ya nyayo. Fulana nyeupe nyembamba ikilowa inapoteza sehemu kubwa ya kinga yake, basi usiogelee nayo ukajiona umefunikwa. Mwenye ualbino asithubutu kutembea hapa akiwa na nguo chache saa yoyote ya mchana. Hata akipaka Kilisun, ile inayotengenezwa Moshi kwa ajili yao, shati refu, kofia pana na miwani viko palepale.

Miguu. Kwenye mwalo, pale mitumbwi inapopakua samaki, ndipo pabaya kuliko porini. Mchanga unaoonekana safi una ndoano, misumari ya mbao za mitumbwi, vioo vya taa na miba ya samaki. Pia kuna funza kwenye vumbi kavu linalozunguka nyumba. Vaa viatu kwenye mwalo wowote, hata kama umevua kilomita nzima iliyopita. Katambuga ni nzuri mchangani na vumbini, lakini juu ya jabali lenye utelezi wa kijani inateleza kama sabuni, kwa sababu mpira wa tairi ni mgumu na umeshalika. Yeboyebo haishiki kisigino. Jabali likiinama, mguu unageuka ndani ya kiatu na kifundo kinateguka. Kinachofaa ni raba ya kawaida ya kitambaa yenye kamba na soli laini. Inapitisha maji, inakauka, na ikichakaa hulii.

Ndoano ikiingia, usiivute ilikotokea. Ile ncha ndogo inayorudi nyuma itachana nyama. Kama ni ndoano ndogo na imeingia mkononi au mguuni kwenye nyama tupu, chukua uzi wa nyavu urefu wa mkono, uzungushe kwenye tumbo la ndoano, yaani pale inapopinda. Kwa kidole cha mkono wa pili gandamiza shina la ndoano chini liguse ngozi. Hapo ile ncha ya nyuma inaachia. Ukiwa bado umegandamiza, vuta uzi kwa ghafla, sambamba na ngozi, kuelekea upande wa tumbo la ndoano, si upande wa shina. Inaruka nje, kwa hiyo asisimame mtu mbele. Osha kwa sabuni na maji mengi, acha damu itoke kidogo, kisha nenda zahanati kwa sindano ya pepopunda kama ya mwisho ni ya zamani. Ndoano iliyo karibu na jicho, shingoni au kwenye kiungo haiguswi: ifunike isitikisike, nenda Maweni, hospitali ya mkoa.

Njia yenyewe

Wanaotoka kwenye njia za pwani za bahari huja wakiuliza habari za maji kupwa na kujaa. Tanganyika haina hilo la kuonekana kwa macho. Lina kitu kingine: kina cha ziwa hupanda na mvua na kushuka na kiangazi, kwa kawaida juu kabisa Aprili na Mei, chini mwishoni mwa kiangazi. Zaidi ya hapo, kati ya mwaka 2020 na 2024 maji yalipanda kuliko kawaida, yakameza fukwe, mashamba na nyumba. Njia ambayo ramani ya simu inaichora ufukweni inaweza kuwa sasa iko chini ya maji mita moja. Ukifika mahali ufukwe umekatika na mbele ni jabali linalopigwa na wimbi, usizunguke kwa majini. Rudi nyuma hadi kwenye kijinjia cha kupanda kilima; mara nyingi kipo, kinapita kati ya michikichi na mihogo.

Mwendo uupange kwa saa, maana kilomita za hapa zinadanganya. Mchanga laini unakula nguvu karibu mara mbili ya ardhi ngumu, na majabali yanakula muda. Kilomita mbili kwa saa ni hesabu ya kweli. Gombe iko kama kilomita 16 kaskazini mwa mji, ukipita Kibirizi, Kalalangabo na Mtanga. Hiyo ni saa nane kwa mwendo huo, na saa za jua la huruma ni sita tu: kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 5, kisha saa 11 hadi saa 1 jioni. Kwa maneno mengine, Kibirizi hadi Mtanga si matembezi ya kwenda na kurudi siku moja kwa mtu mwenye bukta. Na mtu asihesabu kwamba akichoka atapanda mtumbwi wa jioni kurudi mjini. Kwa kawaida mitumbwi ya abiria hutoka Kibirizi mchana kwenda vijiji vya kaskazini, na huteremka kuja mjini asubuhi. Ukikwama saa 11 jioni, unalala ulipo au unakodi mtumbwi mzima kwa bei ya mwenye mtumbwi. Ukikodi, dai jaketi la kuokolea kabla ya kulipa. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini unaweza kuliamsha ziwa mchana likawa la kuogofya.

Mtanga ndiyo inapakana na Hifadhi ya Gombe, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1968. Mgeni haendelei kwa miguu kuingia hifadhini bila kibali na mwongozaji. Ndani ya hifadhi suala la nguo chache linageuka: kule kinachohofiwa ni mafua yako kwenda kwa sokwe, na nyani wa ufukweni kuja kwenye chakula chako. Usile ufukweni pale, na usiache begi wazi.

Giza lina haraka. Jua likizama, ambalo kutegemea mwezi ni kati ya saa 12:50 na saa 1:25 jioni, una kama dakika 20 za kuona unapokanyaga.

Majini

Ufukwe wa Tanganyika ni ukingo wa bonde la ufa. Kina cha juu kabisa ni mita 1,470, ni ziwa la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, na kwenye sehemu za majabali huhitaji kwenda mbali kuonja hilo: hatua tatu maji ya goti, ya nne hakuna chini. Ogelea sambamba na ufukwe, usielekee ndani. Aliyezoea bahari ajue pia kwamba maji baridi yasiyo na chumvi hayamwelei mtu vile alivyozoea.

Kichocho kipo, kile cha tumbo. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono mwanga unapokuwa mkali, na huwa wengi majini kuanzia asubuhi ya mwishomwisho hadi mchana. Hapa ndipo ratiba inakuwa na ukatili wake: saa ambayo mwili unadai maji, saa 6 hadi saa 9, ndiyo hiyohiyo ya vijidudu. Huingia kupitia ngozi nzima isiyo na kidonda, ndani ya dakika chache, basi kujifuta haraka kwa kanga si kinga ya kutegemea. Konokono hupenda maji yaliyotulia yenye majani, karibu na vijiji ambako kinyesi hufika ziwani. Hawapendi jabali linalopigwa na mawimbi.

Mamba naye ana ratiba ya kinyume. Yeye ni wa machweo, usiku na alfajiri, na mahali pake ni midomo ya mito: mbuga za Luiche kusini mwa Ujiji, na Malagarasi kule Ilagala. Anayechuchumaa pembezoni mwa maji akinawa miguu jioni amejifanya mdogo na amejisogeza. Chota kwa ndoo, rudi mita tano nyuma, nawa huko. Kiboko hutoka majini usiku kwenda kula majani na hurudi alfajiri kwa njia zake, na hatari kuu ni kusimama kati yake na maji. Ukiona njia pana iliyolimwa kama mfereji kutoka kwenye majani kuingia ziwani, hapo hapalaliwi.

Ukizijumlisha ratiba zote hizi, inabaki nafasi nyembamba: saa 2 hadi saa 4 asubuhi, juu ya majabali yenye mawimbi madogo, mbali na mdomo wa mto, mbali na mwalo. Hiyo ndiyo saa ya kuoga Tanganyika. Si kinga kamili. Ni saa ambayo mambo mengi mabaya yamelala. Kati ya majabali hayo yumo swila wa maji, nyoka mrefu mla samaki. Sumu yake ni kali lakini si mgomvi. Mwache apite, na usiingize mkono kwenye nyufa za mawe usipopaona.

Juu ya kilima

Ukipanda kutoka ufukweni kuingia vichakani, singlendi na bukta havifai tena. Hapa mtu avae suruali na mikono mirefu, hata kama ni kwa dakika kumi. Adui wa kwanza ni upupu. Wakati wa kiangazi maganda yake yamekauka, na upepo mdogo unatosha kumwaga manyoya yake juu ya mtu anayepita. Yakikupata, usijikune na usifute kwa kitambaa kikavu, utasambaza. Toka kwenye kichaka, paka udongo wa mfinyanzi uliolowa, uache ukauke, ubandue, ndipo uoshe kwa sabuni. Nguo ulizovaa zifungwe mbali na nyingine.

Mbung'o, wale nzi wa malale, ni wa mchana, na huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi. Wako zaidi kwenye miombo, upande wa Uvinza na kuelekea Tabora, kuliko ufukwe wa mjini. Wanang'ata kupitia kitambaa chembamba, basi unene unasaidia, na rangi ya majani makavu au udongo pia. Ukipata homa wiki moja au zaidi baada ya safari hiyo, na hasa kama pale uling'atwa pamevimba na kuuma, mwambie daktari ulipita porini, asiishie kwenye kipimo cha malaria. Wakati wa mvua kuna yule mdudu mwembamba mweusi na mwekundu wa Nairobi ai: akitua kwenye ngozi mpulize, usimponde, kwa maana sumu iko ndani yake. Nyoka aitwaye bafe hulala katikati ya njia na hahami kwa kusikia hatua. Aking'ata, mgonjwa atulie, mguu ufungiwe kijiti usitikisike, asikatwe, asifungwe kamba ya kubana damu, apelekwe hospitali.

Radi ni ya kuanzia Oktoba hadi Aprili. Ufukweni wewe ndiye kitu kirefu kuliko vyote, na ndani ya maji ni vibaya zaidi. Ukiona mmweko, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, gawanya kwa tatu, umepata kilomita. Zikiwa pungufu ya sekunde 30, ondoka ufukweni uingie kwenye nyumba, usikimbilie chini ya mchikichi uliosimama peke yake. Subiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Mwenye ngozi wazi atapata na baridi juu yake. Mvua ya ziwani ikifuatwa na upepo inatetemesha hata mwezi wa Januari, na ile kanga kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji ndipo inapolipa uzito wake.

Maji ya kunywa: nusu lita hadi lita moja kwa saa, kwa hiyo lita tatu kwa asubuhi nzima. Ziwa ni safi kwa macho, lakini kipindupindu hakionekani kwa macho. Mei 2015 kilizuka Kagunga pale wakimbizi kutoka Burundi walipojaa ufukweni. Chemsha, au tumia vidonge vya WaterGuard kwa kipimo kilichoandikwa na usubiri nusu saa. Mtu akianza kuumwa kichwa, kukojoa kidogo na rangi nzito, mpe kivuli na mchanganyiko huu: lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha juu. Akiacha kutoka jasho au akaanza kuongea ovyo, mlowanishe mwili mzima, mpepee, piga 112, na tafuta mtumbwi palepale.

Saa 1 jioni, mbu. Nguo ndefu zirudi mwilini. Kama utapaka na dawa ya mbu, losheni ya jua ndiyo inatangulia, isubiriwe robo saa, dawa ya mbu juu yake. Ukilala kijijini, omba kitanda au mkeka juu ya turubai, usilale na ngozi wazi kwenye sakafu ya udongo: papasi wanatoka kwenye nyufa usiku na kuleta homa ya kujirudia.

Na yule aliyeoga, hata kama alioga saa 2 asubuhi juu ya jabali, bado ana deni la zahanati. Dawa ya kichocho ni praziquantel, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito: mtu wa kilo 60 anapewa vidonge vinne vya miligramu 600, baada ya kula. Kosa la kawaida ni kuinywa wiki ileile ya safari. Inaua minyoo iliyokomaa, michanga inabaki na kuendelea kukua, na mtu anajiona ameshapona. Inangojewa wiki sita hadi nane. Aliyeoga tarehe 1 Julai aende kati ya tarehe 12 na 26 Agosti, na amwambie mganga alioga wapi na lini, maana mganga wa Dodoma au Arusha hana sababu ya kufikiria Tanganyika.